Dk. John Kirk, tabibu wa mimea aliyemshauri Sayyid Barghash

Dk. John Kirk hutajwa sana Unguja, na kwa nadra huko Suji katika milima ya Upare. Hata hivyo historia yake inafika hadi huko.

Alizaliwa Uskoti mwaka 1832, akasomea utabibu Edinburgh, lakini moyo wake ulikuwa katika mimea. Mwaka 1858 alifuatana na Livingstone mto Zambezi, akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Mtumbwi wake ulipinduka katika maporomoko ya Kebrabasa, na madaftari na michoro yake mingi ikachukuliwa na maji. Katika safari hiyohiyo mswaki wake uliguswa na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipousugulia meno alionja uchungu, akajipima mshipa, akakuta mapigo yamepungua. Kutokana na mmea huo wataalamu wa Edinburgh walikuja kutoa dawa ya moyo, strofanthini. Wawindaji, bila shaka, walikuwa wakiujua zamani. Neno lao, kombe, limo hata katika jina lake la kitaalamu.

Kirk aliwasili Unguja mwaka 1866 akiwa daktari wa ubalozi wa Uingereza, kisha akawa balozi mwenyewe. Alipanda bustani ya miti na mimea huko Mbweni, na kima punju wa Unguja amepewa jina lake.

Juni 5, 1873, mbele ya tishio la manowari za Kiingereza lililofikishwa na Kirk, Sayyid Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Biashara ile ilikuwa dhuluma, wala hatusiti kusema hivyo. Ajabu ni kwamba baada ya hapo Sultani alimtegemea mtu yuleyule kuwa mshauri wake.

Mwaka 1884 Karl Peters alijipatia mikataba huko bara. Mwaka uliofuata Sultani alimtuma Lloyd Mathews hadi Kilimanjaro kutafuta utii wa machifu. Kirk alitaka kumuunga mkono, lakini London, iliyohitaji hisani ya Bismarck, ilimwamuru asiwazuie Wajerumani. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri, na Kirk akamshauri Sultani akubali. Twaona hapo ndipo utumishi ulipoushinda urafiki. Mwaka 1886 mpaka ulichorwa kutoka mto Umba ukapita kaskazini ya Kilimanjaro. Upare, Suji ikiwemo, ukaangukia upande wa Wajerumani. Barghash alibakiwa na visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10.

Kirk aliondoka Unguja mwaka huohuo. Barghash alifariki mwaka 1888. Tabibu huyo alifariki Uingereza Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 89. Wajerumani nao walikuwa wamekwisha kuondoka Upare.