HARRIET POWERS, ALIYEZISHONA NYOTA

Jina la mama huyu huenda likawa geni masikioni mwako. Usijali, hata kwangu lilikuwa geni hadi mwaka jana. Chama chetu cha Kiswahili kilipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyeaga dunia zamani, wenzangu walimkimbilia Mekatilili wa Menza, wengine Fumo Liyongo, na wawili wakamgombania Dedan Kimathi nusura wakosane. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa tayari na mtu wangu, na nilijua hakuna atakayeninyang'anya.

Mama yangu ni fundi wa nguo. Cherehani yake hukaa kwenye baraza ya duka sokoni, na kando ya kiti chake kuna gunia la vipande vinavyobaki baada ya kukata sare, magauni na vitenge. Jioni nikitoka shule hupitia hapo kumsaidia kufagia, na kwa muda mrefu niliyaona yale makombo kuwa takataka za kujazia mito tu. Ndipo siku moja nikakuta katika kitabu cha sanaa picha ya nguo kubwa iliyojaa watu, ndege, malaika na nyota, vyote vimekatwa kutoka vipande kama vile vya gunia letu. Chini ya picha paliandikwa Harriet Powers.

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 karibu na mji wa Athens. Si ile Athens ya Ugiriki tunayosoma katika historia, bali ni mji wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alizaliwa mtumwa. Georgia ilikuwa nchi ya pamba, na pamba ile ilipandwa, ikapaliliwa na kuchumwa na watumwa Weusi tangu alfajiri hadi giza. Yaani kitambaa alichokuja kukishona kilitokana na mmea uleule uliofanya watu wake wauzwe na kununuliwa kama mbuzi. Fauka ya hayo, sheria ya jimbo lile ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma. Hebu fikiri, mwenzangu unayelalamikia kazi ya ziada ya hesabu!

Mwaka 1855 aliolewa na Armstead Powers, na wakajaliwa watoto wasiopungua tisa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, utumwa ukapigwa marufuku, na Harriet akawa mtu huru akikaribia miaka 28. Uhuru haukuja na sahani ya chakula. Walilima kama wakulima wengine maskini, wakajinyima, na kufikia miaka ya 1880 walikuwa na shamba lao wenyewe la ekari nne. Ekari nne si kitu kwa tajiri, lakini kwa mtu ambaye jana yeye mwenyewe alikuwa mali ya mtu, ni ufalme.

Sasa tuje kwenye sindano. Kamusi huiita nguo aliyoishona mfarishi. Sisi nyumbani twasema blanketi la viraka. Ina tabaka tatu. Juu kuna kitambaa chenye mapambo, katikati pamba ya kuleta joto, chini kitambaa kingine, kisha zote hushonwa pamoja kwa mishono midogo midogo inayopita huku na huku ili pamba isikusanyike upande mmoja. Wanawake wengi wa Georgia walijua kazi hii, maana baridi ya huko si ya mchezo. Wengi wao waliunga miraba na pembetatu, ukawa urembo wa kupendeza. Harriet hakutosheka na miraba. Alikata maumbo ya watu na wanyama na kuyashona juu ya kitambaa, kwa mkono na kwa cherehani pia, mpaka blanketi likawa kama ukurasa wa kusoma. Wataalamu wengine wamegundua kwamba namna hii inafanana na nguo za picha walizoshona mafundi wa wafalme wa Dahomey, Afrika Magharibi. Kama aliipata kwa bibi zake au aliibuni mwenyewe, mimi siwezi kuamua. Ila ninapoziona picha zote mbili pamoja, moyo wangu husema ni ndugu.

Nguo yake ya kwanza iliyobaki hadi leo huitwa Mfarishi wa Biblia. Ina picha kumi na moja, na imeungwa kwa vipande 299. Nilipoisoma hesabu hiyo nilikwenda kwenye gunia la mama nikaanza kuhesabu. Nilifika 80 nikachoka. Humo wamo Adamu na Hawa, Kaini na Abeli, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Yesu, Yuda na vile vipande thelathini vya fedha. Vitambaa ni vya pamba ya kawaida, vingine vya rangi moja, vingine vya maua madogo madogo kama vya gauni la kuvaa siku zote. Na humo humo, kwenye picha ya Yuda, ameweka duara kubwa ambalo yeye mwenyewe alieleza kuwa ni nyota iliyoonekana mwaka 1886 baada ya kupotea kwa miaka mia tatu. Kwake, habari za Biblia na habari za jirani zilikuwa jambo moja. Alivisikia vyote kwa masikio, akavitia vyote kwenye nguo.

Mwaka huo wa 1886 aliipeleka kwenye maonyesho ya pamba mjini Athens, ikatundikwa pamoja na mazao na kazi za mikono. Hapo ndipo ilipoonwa na Jennie Smith, mwanamke Mzungu aliyefundisha sanaa katika shule ya wasichana iliyoitwa Lucy Cobb Institute. Alisimama mbele yake, asiweze kuondoka. Akamtafuta mwenyewe hadi akampata, akataka kuinunua. Harriet akakataa katakata. Hakuwa anauza kwa bei yoyote ile.

Lakini njaa haina adabu. Miaka minne baadaye mambo yaliharibika, pesa zikapotea, na katika miaka ile ya mwanzo ya 1890 familia ikaanza hata kuuza sehemu za lile shamba. Harriet akatuma habari kwamba sasa yuko tayari. Alikuja kwa gari la kuvutwa na ng'ombe, amepakata nguo yake mapajani kama mtoto mchanga. Alikuwa ameifunga katika gunia safi la unga, na gunia hilo akalitia katika gunia jingine. Aliomba dola kumi. Jennie Smith akasema ana tano tu. Harriet akatoka nje kushauriana na mumewe aliyekuwa akingoja. Mumewe akamwambia, kwa jinsi hali ilivyo, chukua.

Akachukua. Sijui kama wewe msomaji umewahi kuona mtu akiuza kitu asichotaka kuuza. Mimi nimemwona mama akiuza cherehani yake ya kwanza tulipopungukiwa karo ya kaka, na hakulia, ila aliipangusa vumbi mara tatu kabla mnunuzi hajaibeba. Basi Harriet naye hakuondoka papo hapo. Alikaa akaeleza kila picha, moja baada ya nyingine, na mwalimu yule akaandika. Baadaye alirudi mara kadhaa kuitembelea nguo yake, kama mzazi anayemtembelea bintiye aliyeolewa mbali. Kitu kilichompoza kidogo ni ahadi ya Jennie Smith kwamba atamwekea vipande vyake vyote vya vitambaa vitakavyobaki.

Kuhusu mwalimu huyu nimegawanyika nafsi. Upande mmoja, dola tano kwa kazi ya vipande 299 ni dhuluma, hata kama kweli mfuko wake ulikuwa mtupu. Upande mwingine, yeye ndiye aliyeitunza nguo ile maisha yake yote na kuandika maelezo ya mwenye kuishona. Bila yeye tungekuwa tunakisia tu. Mama nilipomweleza hakugawanyika hata kidogo. Alisema mteja wa namna hiyo anamjua, na akaendelea kupiga pindo.

Mwaka 1895 Mfarishi wa Biblia ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya mji wa Atlanta. Kati ya mwaka huo na 1898 Harriet alishona nguo ya pili, na hii, kwa maoni yangu, ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1898 wake wa walimu wa chuo kikuu cha Atlanta waliitoa zawadi kwa mchungaji mmoja. Ina picha kumi na tano. Nyingi ni za Biblia, kama Ayubu, Yona na nyangumi wake, Musa na nyoka wa shaba. Lakini picha nyingine ni za mambo yaliyotokea kweli, ambayo watu waliyasimulia jioni baada ya kazi.

Kuna siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, ambapo mchana uligeuka usiku kaskazini mashariki mwa Marekani. Leo inaaminika ulikuwa moshi mzito wa misitu iliyoungua. Harriet alikuwa hajazaliwa. Ilikuwa imebaki miaka 57. Kuna usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, vimondo viliponyesha angani kama mvua hadi watu wakadhani Siku ya Kiyama imefika. Hapo pia alikuwa hajazaliwa, ila watu wazima waliomlea lazima waliushuhudia na kuusimulia. Kuna usiku wa anga jekundu wa 1846, mtu anagonga kengele kuwaamsha wengine, na hata kuku wameshtuka. Na kuna baridi kali ya Februari 1895, ambayo sasa aliishi ndani yake. Alishona mwanamke aliyeganda akiwa anasali, mtu aliyeganda na mzigo wake wa unga, mwingine aliyeganda na chupa yake ya pombe (huyu alinichekesha, Mungu anisamehe), na nyumbu ambaye pumzi yake imegeuka vijiti vya barafu puani. Unaona? Nani mwingine angekumbuka pumzi ya nyumbu?

Picha ninayoipenda zaidi ina nguruwe. Jina lake Betts, na Harriet alieleza kwamba alikimbia maili 500, yaani kama kilomita 800, kutoka Georgia hadi Virginia, nguruwe asiyetawaliwa na mtu. Amemweka katika picha moja na matajiri ambao hawakufundishwa habari za Mungu. Wasomi wengine husema Betts ni mfano wa watumwa waliotoroka kuelekea kaskazini. Mimi nakubaliana nao. Mama mmoja mshona blanketi, aliyezaliwa mtumwa, hawezi kumwita nguruwe huru kwa bahati tu.

Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba Harriet hakujua kusoma wala kuandika. Kisha kitabu kilichotolewa mwaka 2009 kikaleta barua yake ya mwaka 1896, ambamo anasimulia kwamba alijifunza kusoma kwa msaada wa watoto wa Kizungu pale shambani, na kwamba kuna nguo nyingine alizoshona, mojawapo ikiwa ya Karamu ya Mwisho ya Bwana. Nguo hizo hazijapatikana. Kwa hiyo kama una bibi mwenye sanduku la zamani huko Georgia, tafadhali afungue!

Ipo picha yake moja iliyopigwa katika miaka hiyo. Amesimama wima, uso mkavu, amevaa aproni. Na aproni yenyewe ameishonea nyota na jua, kama kwamba hakuona sababu ya kuvaa nguo tupu.

Alifariki tarehe 1 Januari 1910, na magazeti makubwa hayakumtaja. Kaburi lake katika makaburi ya Gospel Pilgrim pale Athens lilipotea machoni pa watu hadi lilipotambuliwa mwaka 2005. Ile nguo ya dola tano iko Washington katika jumba la makumbusho la Smithsonian, na ile ya pili iko katika jumba la sanaa la Boston. Hakuna nyingine.

Likizo iliyopita nilimwomba mama vipande. Nilitaka kushona nzige walioingia kwetu Kitui Januari 2020, tulipotoka nje kugonga sufuria na kupiga kelele, na bibi yangu akasimama katikati ya mbaazi zake akiwapungia leso. Nilipata kitenge cha manjano, kinafaa kabisa, ila nilikata nzige wadogo wadogo hadi vidole vikauma, na bado walionekana wachache. Mama akaja akatazama, akachukua makasi, akanikatia nzige mmoja mkubwa kuliko nyumba.