Muyaka bin Haji, Aliyelipeleka Shairi Sokoni

Siku hizi watu wakiitwa barazani kushauriana mambo ya mji wao, iwe ni Mombasa au Kenyenya kule Kisii, mara nyingi ngoma na nyimbo hutangulia, hotuba zikafuata. Anayedhani kwamba jambo hili ni geni, na amkumbuke marehemu Muyaka bin Haji al-Ghassaniy.

Muyaka alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776, zama za utawala wa Mazrui. Tungo zilizokuwa na heshima kubwa wakati huo zilikuwa tenzi za dini, kazi ya wanavyuoni. Yeye alilishika shairi la mishororo minne, akalitoa msikitini akalipeleka sokoni. Alitunga juu ya mapenzi, mambo ya nyumbani na siasa. Kwa kuwa ubeti ulikuwa mfupi, hata asiyejua kusoma aliuhifadhi, akaenda nao barazani kuyajadili mambo ya mji.

Mombasa ilipohasimiana na Lamu, vita vya maneno vilitangulia vile vya panga. Muyaka alipeleka mashairi, na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu akayajibu. Mombasa na Pate zikashindwa huko Shela. Baadaye Sayyid Said wa Omani alipoushambulia mji mara kwa mara, Muyaka aliwatia moyo watu wake wasimame imara.

Lakini Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835, Mazrui waligombania utawala, na baadhi ya wakubwa wa mji wakamwelekea Sayyid Said. Mwaka 1837 ngome ikawa mikononi mwake. Mashairi yaliwaamsha watu, ila hayakuweza kuwapatanisha wakubwa. Muyaka alifariki mwaka 1840.

Tungo zake zilibaki vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alizikusanya, akamsaidia Padre W. E. Taylor kuziandika. Diwani ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake. Zisingaliishi muda wote huo lau watu wa mji wasingaliziona kuwa ni zao.

Basi wanaoita watu kwa ngoma na mashairi wanafuata njia ya Muyaka. Wakishaitika, kazi ya kusikizana ni yao wenyewe. Mwenyezi Mungu amrehemu. Amin.