Siti binti Saad na Kisa cha Kijiti

Nyumbani kwa bibi yangu, hapa Mombasa, palikuwa na santuri kuukuu ambayo sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Ilikuwa imekwaruzika hata sauti ikitoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mwimbaji alikuwa Siti binti Saad, Mola amrehemu, na ikipigwa bibi huacha mbuzi na nazi yake akasikiliza.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880. Jina alilopewa ni Mtumwa. Hili la Siti, la bibi mwenye heshima, alilipata ukubwani. Mamake alikuwa mfinyanzi, naye akavitembeza vyungu akiimba ili kuita wanunuzi. Skuli hakuiona. Ya kwanza ya serikali kwa wasichana wa Unguja ilifunguliwa 1927, yeye ameshatimu miaka 47.

Alihamia mjini mwaka 1911. Ali Muhammed aliisikia sauti yake, akamfunza kuimba na ala. Taarabu siku hizo ilikuwa ya wanaume, kwa Kiarabu, na ikistaresha jumba la Sultani. Basi fikirini, wasomaji wangu, mwanamke wa shamba, asiye na nasaba, kuketi kati ya wapiga udi na fidla akaimba kwa Kiswahili! Miongoni mwa wenzake alikuwa Mbaruk, yule kipofu ambaye sisi wa Mombasa twamhesabu wetu. Wenye husuda wakamsimanga kwa sura yake. Akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kutia nyimbo katika santuri, na zikaenea pwani nzima.

Lakini ule wimbo wa Kijiti ndio nisioweza kuupita. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutembea, akauawa na mtu aitwaye Kijiti. Muuaji akavuka bahari hadi Dar es Salaam, akaponyoka. Wanawake waliokuwa na marehemu wakaenda kushtaki, na hakimu wa kikoloni akawatia hatiani wao! Wakili mwanamke hapakuwa, hakimu mwanamke hapakuwa, wala Barazani hapakuwa na mwanamke wa kuuliza. Siti aliuliza kwa wimbo, akamtaja Kijiti kwa jina, na kila nyumba yenye gramafoni ikajua nani kaua na nani kaadhibiwa. Mimi naona huo ulikuwa ushahidi, japo haukuandikwa mahakamani.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Miaka saba baadaye, katika uchaguzi wa 1957, wanawake wa Unguja bado hawakuruhusiwa kupiga kura.

Babu hakuupenda wimbo ule. Akisema kisa hicho ni cha zamani, kimekwisha, bibi hakumjibu. Aliinua sindano akairudisha mwanzo.