Freyssinet, fundi aliyejua kama beto inafupika

Eugène Freyssinet alizaliwa Objat, Ufaransa, mwaka 1879. Alijenga daraja la Le Veurdre, lakini miezi kisha kulimaliza, pinde zake zikaanza kushuka. Akaenda usiku na wafanyakazi wachache, wakaziinua na majeki. Daraja likapona. Pale akaelewa: beto yenye kubeba mzigo inaendelea kufupika polepole. Mwaka 1928 akapata hati ya uvumbuzi wa kuvuta vyuma ili vikandamize beto. Alikufa 1962.

Njo maana leo, kwenye dale kubwa yenye vyuma vya kuvutwa, mafundi wanaacha nafasi wazi kati ya dale na ukuta. Wanavuta vyuma, wanangojea wiki kadhaa, kisha wanaijaza. Wakiifunga mbio, ukuta unapasuka. Kasenga ama Lubumbashi, beto haina haraka.