Wangari Maathai na nusu ya kweli

Wewe unayepitisha mzigo Gatumba kwenda Uvira huhitaji kuelezwa mafuriko ni nini. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na maelfu ya watu wakahama. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika nalo likapanda, maji yakafika barabarani. Hata hivyo jirani yangu mmoja, mzee ninayemheshimu, hataki kusikia habari ya kuhama. Anasema ziwa lilipanda hivihivi mwaka 1964, kisha likarudi. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nikimsikia humkumbuka marehemu Wangari Maathai.

Mama huyo alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Ihithe, Nyeri, nchini Kenya. Utotoni alicheza kwenye kijito karibu na mugumo, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao mama yake alimkataza kuokota hata kuni zake. Mwaka 1960 alikwenda kusoma Marekani. Aliporudi alikuta mti umekatwa kupisha chai, na kijito kimekauka.

Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya udaktari. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda miti 7 jijini Nairobi, na hapo ndipo likaanza shirika la Green Belt Movement, ambalo kupitia akina mama wa vijijini limepanda mamilioni ya miti.

Mwaka 1989 serikali ya Rais Moi ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Wangari aliandika barua kuhoji. Je, alijibiwa hoja zake? Hapana. Bungeni walizungumzia talaka yake, akaambiwa mwanamke wa Kiafrika huheshimu wanaume, na shirika lake likatolewa ofisini. Lakini wafadhili wa nje walijitoa na jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa hadi kutoka damu kichwani akitetea msitu wa Karura. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Alifariki tarehe 25 Septemba 2011, na kwa wosia wake hakuwekwa katika jeneza la mbao.

Mbinu zile hazijafa. Wanaokana mabadiliko ya tabianchi huacha hoja na kumshika msemaji: huyu ni mwanamke, yule ametumwa na wazungu. Au huchukua jambo la kweli, kama ziwa la 1964, wakalifanya jibu la kila kitu. Hawaongezi kwamba dunia ya leo ina joto kuliko ile, na kwamba kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Mvuke huo hurudi kwetu kama mvua kubwa.

Lakini tusiwacheke wanaoamini. Nilikulia katika makazi ya wakimbizi ya Mishamo, Tanzania. Baba alilima tumbaku, na tanuri la kukaushia lilikula kuni usiku kucha. Mabwana misitu walipotuonya, baba alisema misitu ya Mishamo haiishi, nami nilimwamini, kwa sababu tumbaku ile ndiyo iliyolipa karo yangu. Kukubali kungetugharimu, kukana kulikuwa bure. Mzee wangu wa hapa naye ana nyumba moja tu, aliyoijenga aliporudi kutoka uhamishoni. Akikubali maneno yangu, aende wapi?

Kwa hiyo siku hizi sibishani naye. Nimemwomba ahamishie kwangu wajukuu na magunia ya mchele kabla ya mvua za Aprili. Habari za 1964 tutazizungumza wakiwa salama.