Ambroise Croizat na kese ya watumikaji

Kila mwisho wa mwezi tunaangalia fishi ya mshahara, na wote tunaona ule mstari wa pesa zilizokatwa juu ya retrete. Nyumbani mama watoto anauliza: hizi franka zinaenda wapi, na nani anazichunga? Kule Ufaransa kuna mtu aliyepigania jibu la swali hilo maisha yake yote. Jina lake ni Ambroise Croizat.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1901 Notre-Dame-de-Briançon, katika milima ya Savoie. Baba yake alikuwa mtumikaji wa kiwanda. Mwaka 1906 huyo baba aliongoza mgomo, juu watumikaji wapate kese ya kuwasaidia wakati wa ugonjwa. Shukrani aliyopata ni kufukuzwa kazi, na jamaa nzima ikahama. Ambroise alikuwa na miaka mitano tu.

Vita ya 1914 ilipomchukua baba, kijana wa miaka 13 akaingia kazi ya vyuma Lyon. Akaingia pia sendika, akapanda mpaka akawa mkubwa wa sendika ya watu wa vyuma. Mwaka 1936 Paris ikamchagua deputé. Alikuwa mkomunisti, na mwezi wa Oktoba 1939 serikali ikamkamata. Alifungwa Ufaransa, kisha Algeria, akatoka 1943.

Wakati ule mambo yalikuwa namna gani? Tangu sheria ya 1898, patroni ndiye aliyepaswa kulipa mtumikaji akiumia kazini. Patroni naye alijikinga kwa kampuni za asiransi. Basi mtu aliyepoteza mkono alijikuta mbele ya kampuni inayotafuta faida, na kila franka aliyolipwa ilipunguza ile faida.

Oktoba 1945 serikali ilitoa amri za kuanzisha Sécurité sociale. Aliyezitayarisha ni Pierre Laroque, mtu wa ofisi na sheria. Novemba Croizat akawa ministri wa kazi. Karatasi peke yake haiponyeshi mgonjwa: ilibaki kutafuta majumba, kufungua kese katika inchi nzima, kuandika watu. Watu wa sendika wengi walijitolea baada ya saa za kazi, na kwa miezi michache kese zikasimama. Wenye asiransi hawakufurahi hata kidogo. Lakini sheria ya tarehe 30 Oktoba 1946 iliondoa aksida za kazi na magonjwa ya kazi mikononi mwao, ikayaingiza katika Sécurité sociale.

Wachimba-madini hawakusahauliwa. Silikosi, ule ugonjwa wa vumbi la mapafu, ilikuwa imekwisha kutambuliwa Agosti 1945 kuwa ugonjwa wa kazi. Mwaka 1946 wakapata statut yao na kese yao wenyewe.

Mei 1947 wakomunisti walitolewa serikalini, na Croizat pamoja nao. Akafa Februari 1951, miaka 50 tu. Watu wengi sana walimsindikiza Paris mpaka makaburi ya Père-Lachaise.

Lakini jambo kubwa tunalotaka wasomaji washike ni hili. Mwanzoni, katika baraza la kese za ugonjwa, viti vitatu juu ya vine vilikuwa vya watumikaji. Mwaka 1967 serikali ikabadilisha: nusu yao, nusu ya mapatroni. Kese haikuuzwa, jina lilibaki lilelile, ila mwenye kuichunga alikuwa amebadilika.

Leo, pahali pengi, wako wanaosema kese ya serikali inachelewa, afazali wafanya biashara waishike. Ni kweli, retrete inayochelewa ni njaa kwa mzee, na kese ya serikali pia inaweza kuliwa. Lakini dawa ya kese inayovuja ni kuichunga. Tukiulizwa kuiuza ao kuibakisha, tuulize kwanza: katika lile baraza, sisi tutakuwa na viti vingapi?