Alfred Wegener na Mwendo wa Mabara

Alfred Wegener alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 1 Novemba 1880, babaye akiwa kasisi. Mwaka 1905 alihitimu udaktari katika ilimu ya nyota, kisha akashughulika na ilimu ya hewa. Ilimu ya miamba haikuwa fani yake.

Alipotazama ramani aliona kuwa pwani ya Brazili yaingiana na pwani ya magharibi ya Afrika, mfano wa vigae viwili vya chungu kimoja. Hakutosheka na umbo, akatafuta dalili. Mifupa ya mnyama wa kale, Mesosaurus, iliyogeuka mawe, yapatikana Brazili na Afrika ya Kusini, wala mnyama huyo hakuwa wa kuvuka bahari kuu. Basi Januari 1912 Wegener alitangaza kwamba mabara yalikuwa nchi moja, kisha yakatengana. Na mwaka 1915 akalitolea kitabu.

Mwaka 1921 aliandika pia juu ya mashimo ya duara yaliyoko mwezini. Wengi walidhani ni vinywa vya volkano. Yeye aliangusha unga wa saruji juu ya tabaka la unga, zikatokea duara kama zile, akahukumu kuwa ni athari za mawe yaliyoanguka kutoka angani. Hukumu hiyo imethibiti kwa mashimo yaliyo mengi.

Katika khabari ya mabara, wataalamu wengi walimkataa. Tuwafanyie insafu: walikuwa na hoja ya haki, kwani nguvu alizozitaja zilikuwa dhaifu mno kusukuma bara. Lakini wengine walimdharau kwa kuwa si mwenzao tu, wala dalili zake hawakuzitazama.

Mwaka 1930 aliongoza msafara Greenland. Wenziwe walikuwa katikati ya barafu, yapata kilomita 400 kutoka pwani, na masurufu yao haba. Aliwafikia mwisho wa Oktoba. Tarehe 1 Novemba, siku aliyotimiza miaka 50, akashika njia ya kurudi pamoja na Rasmus Villumsen, kijana wa Greenland. Hawakufika. Maiti ya Wegener ilionekana Mei 1931, imezikwa vizuri kwa mkono wa Villumsen, ambaye mwenyewe hakuonekana tena.

Katika miaka ya 1960 vipimo vya sakafu ya bahari vilithibitisha kuwa ardhi yaenda. Bonde la Ufa, lipitalo katika nchi yetu, ni alama ya mwendo huo.

Basi, ndugu msomaji, hoja ipimwe kwa dalili zake, si kwa cheo cha aliyeileta.